Neva Haina Nusu

Ukimwambia Madam kwamba umechoka, hakukuachia hivi hivi. Alikuuliza umechoka nini. Neva, misuli au maisha? Ukijibu misuli, alikuambia ukale ulale. Ukijibu neva, alicheka, maana neva za watu wengi, kwa maelezo yake, hazichoki kirahisi, na wanaozisingizia ni watu waliochoshwa na waume zao. Ukijibu maisha, alinyamaza, akarudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha, nawe ukarudi kwenye yako. Mimi nilikuwa najibu maisha karibu kila wiki.

Alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya upande wetu wa Kiwalani, na kwa watu wote, kuanzia Mkuu wa shule hadi mama anayeuza vitumbua getini, alikuwa Madam basi. Shule ina akina madam wengi, kwa kuwa kila mwalimu wa kike huitwa hivyo, lakini sisi wengine tulitajwa kwa majina au kwa masomo yetu. Ukisema Madam peke yake, ni yeye. Alinifundisha nikiwa mwanafunzi, nikafeli somo lake bila ubishi, nikaenda kusomea Kiswahili, kisha nikapangiwa kazi shule ile ile na kupewa meza jirani na yake. Habari za kwao na za ukoo wake sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema. Lafudhi ilikuwa ya bara, ya mbali kidogo, na hiyo ilinitosha.

Hakuwa mtu mtamu. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu augue watu wamekuwa wakimsimulia kama malaika, na uongo wa namna hiyo unanichosha. Alikuwa na ulimi. Mwanafunzi akisinzia darasani alimsimamisha, kisha akawaeleza wenzake, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, ni misuli gani hasa iliyomwangusha kichwa. Mwalimu akichelewa kikao, alipokelewa na makofi ya Madam peke yake, ya polepole, mpaka akae. Mimi mwenyewe aliwahi kuniambia mbele ya ofisi nzima kwamba gauni langu jipya linanifanya nionekane nimebebwa na mtu mwingine. Hakuniomba radhi, na kwa wiki mbili sikumpa chumvi ya mayai tuliyokuwa tunakula pamoja ofisini.

Lakini kufundisha alijua. Kanuni ya shule ni Kiingereza tupu, na bango lake lipo ukutani mpaka leo. Somo la neva Madam alilifundisha mara mbili. Kwanza kwa Kiingereza, la mtihani, ubaoni, na mishale yake. Halafu alifunga mlango, akaweka chaki chini, akaanza upya kwa Kiswahili, la kuelewa. Hilo la pili ndilo lililobaki kichwani mwangu, mimi niliyefeli.

Alisema tufikirie ukumbi mrefu na mwembamba, wenye mageti pande zote. Huo ndio uzi wa neva, na kuta zake ni utando mwembamba sana. Nje kumejaa sodiamu, ile ya kwenye chumvi ya jikoni. Ndani kumejaa potasiamu. Kwa jinsi vitu hivyo vilivyogawanyika, ndani kunakuwa na chaji hasi kidogo kuliko nje, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoiweka neva tayari. Sasa sodiamu haiachi kupenyapenya kurudi ndani, kwa hiyo kuna pampu kwenye ukuta inayoitoa nje na kuingiza potasiamu, mchana na usiku, bila likizo. Vitabu vinaiita hali hiyo mapumziko. Madam alikuwa analikodolea macho neno hilo kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Hata ukikaa kimya kama mzigo," alituambia, "kuna mtu humo ndani anasukuma chumvi nje. Kupumzika nako ni kazi."

Tulikuwa watoto wa Kiwalani na Buguruni, tulioamka kabla ya adhana kuchota maji kabla bomba halijakata. Hakuna kitu kingine mwaka ule tulichokielewa haraka namna hiyo.

Kisha habari inakuja, alisema. Ikiwa dhaifu, ukuta unatikisika kidogo na mambo yanatulia. Ikifika kizingiti, mageti yanafunguka kwa mkupuo, sodiamu inaingia kama watu wa Buguruni mvua inapoanza, ndani panageuka kuwa chanya, geti la jirani linashtuka na kufunguka, na la jirani yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi. Hakuna habari inayokwenda robo. Inakwenda yote au haiendi kabisa.

"Neva haina nusu," alimalizia, na msemo huo aliubeba kila mahali. Mzazi akisema mwanawe atahudhuria tuisheni baadhi ya siku, aliambiwa neva haina nusu. Mwalimu akisema atajaribu kufika msibani, aliambiwa hivyo hivyo. Kijana mmoja aliyekuwa anajifikiria kama aje kwetu kujitambulisha, Madam alimtolea hukumu hiyo huku anamenya chungwa, hata hajamwona sura. Nililia chooni. Baadaye niliachana na yule kijana, na kusema kweli Madam alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi zaidi.

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nusu nusu kuliko wote. Chai alikunywa nusu kikombe. Kila mwaka alisema anahama Kiwalani anakwenda kuishi Mbezi Beach kwenye upepo, na mwaka mmoja alifika hadi kuangalia nyumba, akarudi akisema kule kuna ukimya unaotia wasiwasi. Aliwacheka walimu waliopeleka kalamu za watahiniwa kuombewa. Lakini kwenye mkoba wake mlikuwa na kichupa cha mafuta ya upako, na Jumatatu asubuhi alijipaka kwenye paji la uso haraka haraka, akinitupia jicho la kunikataza kuuliza. Nilipouliza, alisema sayansi ni ya mwili na mafuta ni ya wachawi, na kila kitu kina idara yake.

Tuisheni yake ilikuwa uani kwake, Kiwalani, chini ya bati, kwenye mabenchi ya mbao za mabanzi. Akimaliza baiolojia mimi nilipokea na Kiswahili, kwa hiyo mara nyingi nilikaa nyuma kabisa nikimsubiri. Ndege zinazotua zilipita juu yetu kiasi cha kuona mistari ya tumboni. Ikija, Madam aliinua mkono akanyamaza katikati ya neno, na ikishapita alimalizia neno lile lile pale lilipokatikia. Wanafunzi wageni walicheka. Wakongwe walikuwa hata hawaoni.

Ni pale uani alipofundisha misuli kwa kanga. Alieleza kwanza kwamba neva haigusi misuli. Watu wengi wanadhani imeunganishwa kama waya na balbu, lakini hapana, kuna mwanya. Habari ikifika ukingoni, kalsiamu inaingia kwenye ncha ya neva, vifuko vinapasuka, kemikali iitwayo asetilikolini inamwagika mwanyani, inavuka, inagonga milango iliyo upande wa misuli. Milango ikifunguka, umeme unaanza upya ng'ambo, unazama ndani ya misuli, kalsiamu nyingine iliyokuwa imehifadhiwa humo inamwagika, na hapo ndipo nyuzi zinaposhikana na kuvutana. Alifunga kanga pamoja zikawa kama kamba, akapanga wanafunzi mistari miwili, wakavuta kwa mikono: shika, vuta, achia, shika mbele zaidi. Misuli haijui kusukuma, alisema, inavuta tu, na kila mkono kabla ya kuachia unahitaji kupewa nguvu mpya.

"Ndiyo maana maiti anakakamaa," alisema. "Si kwamba amekaza. Ameshika, na hana tena nguvu ya kuachia."

Hilo alilisema wiki ile ile aliyotoka kumzika mumewe, kwa sauti ile ile ya kila siku, akiwa amevaa nyeusi na chaki kiganjani. Hawakuwa wamejaliwa watoto. Nilimwangalia nikaogopa. Akamaliza kipindi, akakunja kanga moja baada ya nyingine, akaniambia zamu yako, Mwalimu. Kuanzia hapo nilijua kwamba darasa ndilo alilobaki nalo, na kwamba siku likiondoka sijui nani atamwokota.

Na likaanza kuondoka, kwa njia ya kijinga kabisa, kupitia kope.

Kwanza alimwomba mwalimu wa taaluma amhamishie vipindi vyote asubuhi. Yule kijana, anayepanga ratiba na kuichukulia kama msahafu, akadhani mama amezeeka na anataka kwenda nyumbani mapema. Akampa nusu. Basi asubuhi Madam alikuwa Madam, na baada ya chakula cha mchana jicho la kushoto lilishuka, halafu la kulia likalifuata, mpaka akawa anafundisha kichwa kimeinuliwa nyuma kama mtu anayetafuta popo darini. Wanafunzi wakamchora. Akaanza kushika kidevu kwa mkono akiongea, tukadhani ni maringo ya uzeeni. Sauti ikaanza kupitia puani. Kwenye chai ya walimu aliacha nyama, kisha akaacha andazi, akawa analoweka chapati kwenye chai na kuitazama kwa huzuni kabla ya kuimeza. Ofisini ikanong'onwa kwamba anakunywa. Wapo waliosema ni presha, na wapo waliosema amerogwa na mtu wa ukoo wa marehemu mumewe. Mimi nilichoka kuwajibu, nikawaacha wanong'one.

Alikwenda kupima. Sasa, mtu yeyote aliyeishi Dar anajua ukiingia maabara ya mtaani ukasema mwili umechoka, utatoka na nini. Utatoka na malaria, au taifodi, au yutiai ya njia ya mkojo, na mwenye bahati mbaya anatoka na vyote vitatu. Madam alitoka na taifodi na yutiai. Akanunua vidonge duka la dawa, akamaliza dozi, akawa hoi zaidi. Akarudi, taifodi ikawa bado ipo, akapewa vikali zaidi. Mwisho wa dozi ya pili alishindwa kuinua mkono kuandika juu ya ubao. Aliandika chini tu, kwenye usawa wa kiuno, na wanafunzi wa nyuma wakasimama ili waone.

Wala hakushtuka. Hilo ndilo linalonistaajabisha mpaka leo. Mwanamke aliyeuchora ule mwanya kati ya neva na misuli ubaoni miaka yote hiyo alimeza vidonge vya taifodi kama sisi sote tunavyomeza, kwa sababu ukichoka Dar ni taifodi, na mwili wake hakuwahi kuufikiria kuwa ni wa kwenye somo.

Ilikuwa uani, mchana wa joto, na mimi nipo benchi la nyuma. Binti mmoja wa kidato cha sita, mwenye tabia ya kuuliza mambo ambayo hayaji kwenye mtihani, alinyoosha mkono. Akauliza, ikiwa neva ni nzima, na kemikali inamwagika vizuri, ila ile milango ya upande wa misuli imezibwa, mtu anaonekanaje?

Madam alipenda swali. Nilimwona akijiweka sawa, mkono kidevuni. Akasema habari itafika bila shida. Kemikali itavuka. Lakini itakuta milango mingi imefungwa, michache iko wazi, kwa hiyo mwanzo misuli itajibu, kwa sababu kemikali ya mwanzo ni nyingi. Ukiendelea kuitumia, kemikali inapungua kila mara, milango iliyobaki haitoshi, misuli haifiki kizingiti. Mtu huyo ataamka mzima na kuchoka kadiri siku inavyokwenda. Akipumzika atapata nafuu. Itaanza kwenye misuli midogo isiyopata kupumzika, akasema. Itaanza kwenye ko—

Ndege ikaja. Akainua mkono kama kawaida, akanyamaza. Ikapita, mabati yakaacha kutetemeka, tukasubiri amalizie. Hakumalizia. Mkono ulikuwa unashuka wenyewe taratibu, na yeye alikuwa anautazama unavyoshuka. Wanafunzi walidhani kuna ndege nyingine.

"Kope," alisema mwishowe. Akamwambia yule binti swali zuri, akamwambia akae. Kisha akanigeukia mimi kule nyuma. "Mwalimu, nipokee. Leo naishia hapa."

Hospitali kubwa walimchukua mara moja. Daktari alijaza barafu kwenye glovu, akamwekea juu ya jicho lililoanguka, wakasubiri kidogo, akaitoa, na jicho likafunguka lenyewe. Madam alinisimulia habari hiyo mara nyingi kwa furaha ambayo sikuipenda. Ubaridi unakichelewesha kile kinachosafisha kemikali mwanyani, alisema, kwa hiyo kemikali inakaa muda mrefu na kugonga milango michache iliyobaki. Walioiziba milango ni askari wa mwili wake mwenyewe, waliomwona mwenyeji wakadhani mwizi. Alikuwa anaeleza kana kwamba ni mgonjwa wa mtu mwingine.

"Akaniuliza nani alikupa hivi vidonge vya taifodi, maana kwa ugonjwa huu ndivyo vinavyomaliza misuli," alisema. "Nikamwambia ni Dar es Salaam."

Akapewa dawa. Inafanya kazi ile ile ya barafu, alieleza, ila kwa mwili mzima: unakimeza kidonge, baada ya muda mfupi nguvu inakuja, inakaa saa chache, inaondoka. Daktari akamsisitizia jambo moja, ale wakati nguvu iko juu, kwa sababu kutafuna na kumeza ni misuli kama mingine, na asipoangalia chakula kitapotea njia kiingie kwenye mapafu. Kuongea nako ni misuli ile ile. Koo ni moja.

Akarudi shule, na muhula ule tulifurahi kipumbavu. Alimeza kidonge ofisini, akasubiri jicho liinuke, akainuka nalo, akaingia darasani akafundisha kama zamani, na makofi ya wachelewaji yakarudi. Watu walewale waliosema anakunywa wakasema Mungu ni mwema. Tusichokiona ni kwamba kila nguvu ilipokuja aliipeleka darasani. Chakula kilisubiri, na zamu yake ilipofika koo lilikuwa limekwisha. Gauni zake zikaanza kumning'inia. Siku moja asubuhi, gwaride la shule likiendelea, alikaa chini kwenye ngazi akanionyesha kwa kidole kifua chake. Pumzi nayo ni misuli. Alilazwa muda mrefu, wiki za mwanzo na mashine inamsaidia kuvuta hewa, na alipotoka alipelekwa nyumbani, akabaki huko.

Shuleni tuliletewa walimu wa kujitolea, vijana wazuri, wa mishale na Kiingereza. Matokeo ya mtihani wa majaribio yakaja mabaya. Wazazi wakalalamika, Mkuu akatafuta la kufanya, akaniita ofisini. Alizungumza kwa upole. Alisema hatuombi mengi, ni mada moja tu, neva na misuli, kipindi kimoja, tutamfuata kwa gari na kumrudisha kwa gari, atafundisha ameketi. Akasema mimi ndiye ninayemweza. Nilipaswa kukataa. Sikukataa, kwa sababu nilitaka. Meza jirani na yangu ilikuwa tupu, hakuna aliyekuwa ananiuliza nimechoka nini, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko wakati wowote.

Nilimkuta sebuleni, kwenye kochi, mito imemzunguka, macho yamefumba. Binti wa kaka yake, anayeishi naye siku hizi, alinikaribisha akarudi jikoni. Nikasema shikamoo Madam. Marahaba ilitoka puani, ndogo, kama imetoka chumba cha pili. Aliinua ukope wa jicho moja kwa kidole, akaniona, akauachia.

"Umetumwa," alisema.

Nilimwambia nimetumwa, lakini hata mie mwenyewe nataka. Akaashiria kwa mkono niendelee. Nikaeleza yote, mtihani, wazazi, gari la kumfuata, kipindi kimoja, kuketi. Nikaongeza na yangu: kwamba wale watoto wanakariri bila kuelewa, kwamba yule binti wa maswali ameacha kuuliza. Alisikiliza bila kujitikisa. Kisha akapapasa kwenye meza ndogo, akachukua kidonge, akakimeza kwa maji kidogo kidogo, kwa tabu iliyonifanya nigeuke ukutani.

"Subiri," alisema. "Jicho likiamka nitakujibu."

Tukasubiri. Ndege ikapita, safari hii hakukuwa na neno la kukata. Jikoni kulikuwa kunanukia nazi na kitunguu. Nilikuwa nikimwangalia nikiwa na tumaini ambalo sasa hivi linanitia aibu, kwa sababu nilikuwa nasubiri kope za mgonjwa ziinuke ili nimchukue nikamtumie. Zikainuka. Kwanza ya jicho la kulia, kisha ya la kushoto, polepole. Akajiinua kwenye mito, akanyoosha shingo, akanitazama kwa macho mawili, na alikuwa ni Madam kamili. Nikajua atakubali. Nilimfahamu.

"Mwambie Mkuu siji," alisema, na sauti ilikuwa yake ile ile, haikupita puani. "Si kesho wala keshokutwa. Nimeacha kazi."

Nikamwambia ni kipindi kimoja tu, Madam.

"Hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinanila. Mwanangu, nguvu ninayoipata ni hii unayoiona, haigawanyiki. Nikiipeleka kwenye kuongea, jioni nalishwa uji kwa kijiko kama mtoto, unanipalia, nalia. Muhula mzima nilikuwaga nafundisha na nalala na njaa. Nimechoka uji. Sikuzaliwa nife kwa ajili ya mtihani wa watu."

Nilikasirika. Nalisema wazi, nilimkasirikia mwanamke mgonjwa kwenye kochi lake. Nilikuwa nimemfanya mtu anayeishi kwa chaki, na yeye hakuniuliza kama anaruhusiwa kubadilika. Nikamuuliza basi nimwambie Mkuu sababu ni nini, nimwambie anaumwa?

"Kuumwa anajua," alisema. "Mwambie nakula."

Binti wa kaka yake akaingia na sinia. Wali wa kulainishwa sana, na changu mzima kwenye mchuzi wa nazi, ndimu pembeni. Madam alimtazama yule samaki kwa uroho ambao sikuwahi kuuona usoni kwake, uroho mtupu usio na aibu, na hasira yangu ikaniishia yote mara moja nikabaki na huruma, na chini ya huruma, ahueni. Akaweka kidole midomoni kuniambia nisimsemeshe tena, koo lina kazi. Akakata kipande kidogo, akakitazama, akakirudisha sahani, akaisogeza sahani upande wangu. Mikono yake ilikuwa bado haina nguvu ya kazi ndogo ndogo. Nikaenda kunawa, nikarudi nikakaa sakafuni karibu na magoti yake, nikaanza kumtolea miba.